Mifuniko Sitini na Mmoja

Mtaa wa Chini uliomba matuta ya barabarani kwa miaka minane. Uliandika barua, ukatuma wajumbe, ukazika mtoto mmoja aliyegongwa akitoka shule, ndipo yakaja matuta mawili, tena yamekaa upande. Kuyaondoa kulichukua asubuhi moja. Mashine ya manjano ilifika saa mbili, na kabla ya saa sita barabara ilikuwa imelala tambarare kama sinia. Mashimo ambayo vijana wa mtaa walizaliwa wakayakuta yalizibwa siku hiyo hiyo, kwa lami ambayo manispaa ilikuwa ikiapa kila mwaka kwamba haina.

Mama Chemba aliyatazama hayo yote akiwa pembeni na kikosi chake, mikono kiunoni.

"Kumbe lami ipo," alisema, halafu akasonya msonyo mrefu hata dereva wa mashine akageuka kumtazama.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, baada ya miaka ishirini na sita chini ya barabara za mji, mwanzo akibeba fito za kuzibulia, sasa akiwa msimamizi wa kikosi cha majitaka. Chemba ni yale mashimo ya majitaka yenye mifuniko ya chuma katikati ya barabara, na yeye alizijua zote kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake watukutu. Michoro ya manispaa ilizipa namba. Kikosi chake hakikuwa na habari na namba. Chenyewe kilijua Chemba ya Kinyozi, Chemba ya Mbwa, Chemba ya Yule Aliyehama.

Mapenzi haya ya ghafla kwa barabara yaliletwa na magari ya mashindano. Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, mitaa ya watu wanaokwenda zao kazini na sokoni ingefungwa kwa kuta za zege na nyavu za chuma, iunganishwe kuwa mzunguko mmoja, na wanaume wazima waliovaa kofia ngumu wangezunguka humo mara sabini bila kufika popote. Wagonjwa wangeambiwa wazunguke na upande wa reli. Wenye maduka waliambiwa wafurahi. Karatasi iliyosukumwa chini ya kila mlango ilisema dunia nzima ingeuona mji, na Mama Chemba alipoisoma aliuliza dunia hiyo ilikuwa wapi miaka yote hii, au ilikuwa inangoja zege.

Kazi yake yeye ilikuwa mifuniko. Gari la namna ile likipita kwa kasi linainyonya barabara, na mfuniko wa chuma wa kilo hamsini unaweza kung'oka na kumrukia dereva wa nyuma. Kwa hiyo mifuniko yote sitini na mmoja iliyo kwenye mzunguko ilitakiwa ichomelewe, isifunguke mpaka Jumatatu. Kwa hilo hakuwa na ugomvi. Aliwadharau watu wale kwa moyo wake wote, lakini hakumtakia mtu kifo cha kupigwa na mfuniko wa choo.

Ugomvi ulikuwa juu ya mmoja tu, Chemba ya Kona.

Pale kwenye kona, mbele ya duka la mshonaji, yalikutana mabomba mawili. Moja liliteremka kutoka hoteli kubwa iliyo kilimani, na jingine lilitoka kwenye nyumba kumi na nne za Mtaa wa Chini. Yote mawili yaliingia kwenye bomba moja jembamba, la zamani, lililolazwa karibu bila mteremko na fundi ambaye bila shaka alikuwa na haraka ya kwenda kula. Mafuta ya jikoni mwa hoteli yaliganda ndani ya bomba hilo na kuliziba kila baada ya siku mbili. Kikosi cha Mama Chemba kilifungua, kikaingiza fito, kikazibua, kikafunga. Kisipofanya hivyo, majitaka ya hoteli yalipanda ndani ya chemba, na kwa kuwa nyumba za Mtaa wa Chini ndizo zilizokuwa chini kuliko vyote, yaliingia huko, sebuleni, bila kupiga hodi.

Na kwenye nyumba ya tatu kutoka konani, ngazi mbili chini ya usawa wa barabara, alikuwa amelala dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Mwezi uliopita aliteleza akavunjika nyonga, akapasuliwa, akarudishwa nyumbani na kidonda kirefu na amri ya kutosogezwa kwa wiki sita. Daktari alirudia mara mbili kwamba uchafu ukiingia kwenye kidonda hicho, wasije wakamlaumu mtu. Mara ya mwisho chemba ilipofurika, majitaka yalifika kwenye godoro. Lakini wakati ule dada alikuwa na miguu yake, akakimbilia kwa jirani huku akitukana. Sasa hakuwa na pa kukimbilia, na kwa siku nne hata machela isingepita katikati ya kuta zile za zege.

Mama Chemba alikwenda kwa Injinia Mkuu. Kikosi kilimwita Buti Safi, kwa sababu zake. Miaka kumi na miwili iliyopita aliletwa kwao kujifunza kazi kwa vitendo, akashuka chemba moja, akatapika, akapanda, na hakushuka tena. Tangu hapo alipanda tu mpaka akafika ghorofa ya nne, kwenye kiti kinachozunguka. Hata hivyo hakukosa adabu. Alisimama, akamwamkia, akamwita mama, akamvutia kiti.

Mama Chemba alimweleza yote kuhusu Chemba ya Kona, taratibu, jinsi mtu anavyomweleza mtoto. Aliomba mfuniko huo ufungwe kwa bolti badala ya kuchomelewa, ili kila alfajiri kabla ya magari kuanza kikosi kiufungue kwa nusu saa. Buti Safi alisema kampuni ya mashindano haitaki bolti. Aliomba basi majitaka ya hoteli yanyonywe kwa gari. Buti Safi alisema hilo lingewasumbua wageni. Aliomba aje mwenyewe aone nyumba ya dada yake ilivyo. Buti Safi alitazama saa, kisha akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayefariji:

"Mama, wale wamezoea. Hawa ni wageni."

Mama Chemba alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye vile viatu vyake, akachukua mkoba wake, akashuka ghorofa zote nne kwa miguu, maana lifti aliiona kama sehemu ya mwili wa yule kijana.

Sasa, kulikuwa na desturi ya zamani katika idara ile. Chemba haifungwi moja kwa moja mpaka msimamizi aandike fomu. Juu anaandika mahali ilipo. Chini, kwenye sehemu ya maelezo, anaandika kilichofanyika ndani yake na kinachotakiwa kufanywa mpaka ifunguliwe. Injinia anasoma, anatia sahihi. Desturi hiyo ilianzishwa na watu waliokuwa wanashuka chini, ili mtu asije akafungiwa humo kwa kusahauliwa. Siku ya Jumatano Mama Chemba aliandika fomu sitini na moja. Ya Chemba ya Kona aliiandika kwa herufi kubwa, hata kipofu angeipapasa: bomba la hoteli limezibwa kwa mpira, majitaka ya hoteli yatabaki kwenye tangi lake, tangi linyonywe kwa gari kila alfajiri, lisiponyonywa litafurika siku ya nne, mchana.

Alilipeleka rundo zima mwenyewe. Buti Safi alikuwa kwenye simu. Alitia sahihi karatasi sitini na moja huku akicheka na mtu aliye upande wa pili, na jicho lake halikugusa hata moja.

Mama Chemba angeweza kumwambia. Neno moja tu lingetosha: soma hii. Alilishikilia mdomoni, akalimeza.

Mchana ule alishuka mwenyewe kwenye Chemba ya Kona, na umri wake wote, kiunoni kamba. Mpira wa kuzibia huingizwa bombani ukiwa umenywea, kisha hujazwa upepo kwa pampu mpaka ukabane pande zote. Aliusukuma kwenye mdomo wa bomba la hoteli, akapiga pampu mpaka mkono ukafa ganzi, akasikiliza. Mtiririko wa kutoka kilimani ulinyamaza. Ulibaki mchirizi mdogo wa nyumba kumi na nne, ambao lile bomba jembamba lingeumudu mwaka mzima. Alipotoka, alimpa ishara mchomeleaji, rafiki yake wa miaka mingi, mzee mmoja mwenye sikio moja linalosikia. Mzee aliinama na kioo chake, cheche zikaruka, mfuniko ukafungwa.

"Umeweka nini humo ndani?" mzee aliuliza alipomaliza.

"Nimewawekea heshima," alijibu Mama Chemba.

Siku tatu za kwanza zilikuwa kelele tupu. Manispaa ilimweka yeye zamu ndani ya mzunguko kwa ajili ya dharura, na kwa kuwa nyumba ya dada ilikuwa hatua ishirini kutoka konani, alikaa hapo, kando ya kitanda, na beji yake shingoni. Dada, aliyetarajiwa kuteseka, alikuwa anastarehe. Aliomba kitanda kisukumwe kidogo karibu na dirisha, na kupitia kwenye nyavu alikuwa akiona robo tu ya gari, kwa nusu ya sekunde, na hilo lilimtosha. Ijumaa jioni alikuwa ameshachagua dereva wake, yule wa gari la kijani. Mama Chemba alimwambia akili zake zimepasuliwa pamoja na nyonga. Dada akasema anyamaze, wa kijani anakuja.

Sakafu ilikuwa kavu. Kila saa Mama Chemba aliinama kwenye tundu la maji la uani, akasikiliza, akarudi ameridhika.

Binti wa dada hakuwepo mchana. Alipata kibarua hotelini kwa siku zile, kutandika vitanda vya wageni kwenye ghorofa ya sita, na aliondoka alfajiri kabla barabara haijafungwa. Jioni alirudi amechoka mno hata kuzungumza. Mama mdogo wake hakumuuliza mengi. Alikuwa anahesabu siku.

Maana alishalijua tangi lile kwa ukubwa, na wageni kwa idadi, na hakuna gari la kunyonya lililopanda kilimani. Hesabu ilimwangukia Jumapili, saa nane. Na saa nane hiyo, kwa mujibu wa karatasi iliyosukumwa chini ya mlango, wakubwa wa mji na wa kampuni wangekuwa wamekaa kwenye ukumbi wa chini wa hoteli, mbele ya vioo, zulia jeupe miguuni. Aliiona picha hiyo akilini mwake tena na tena. Aliyaona majitaka yakichungulia kutoka vyooni, yakijongea taratibu kwa heshima zote, yakifika kwenye viatu. Alimwona Buti Safi akiwaambia wamezoea. Kusema kweli, alikuwa hajafurahi hivyo tangu afunge ndoa, na pengine hata siku hiyo hakufurahi hivyo.

Jumapili alijitengenezea chai saa saba na nusu. Mbio kubwa zilikuwa zimeanza, vikombe vilitetemeka kabatini, dada alikuwa amejiinua kwenye mto akimhimiza wa kijani. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro robo mtu aliingia na uchochoro wa nyuma, unaopitisha mtu mmoja tu kwa ubavu, akasimama kizingitini akihema. Alikuwa Buti Safi, na buti zilikuwa chafu mpaka kwenye ugoko.

Hakuamkia. Aliuliza kama mfuniko wa kona unaweza kufunguliwa sasa hivi, mpira utolewe. Mama Chemba alimaliza funda la chai yake kwanza. Kisha akamweleza kwamba kukata chuma kilichochomelewa kunataka dakika arobaini, katikati ya barabara, na kwamba ingebidi wasimamishe magari. Akamkumbusha pia kwamba mpira ukitoka, yote yaliyojaa kilimani yatashuka kwa mkupuo, na yataingia hapa alipo, kwenye kitanda hiki. Buti Safi alikitazama kitanda kama vile ndiyo kwanza anaelewa kwamba nyumba huwa na watu. Alisema hakuna aliyemwambia. Mama Chemba akafungua mkoba, akatoa nakala ya fomu, akamwekea mkononi.

Akaisoma. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Aliisoma mpaka chini, kwenye sahihi yake, na uso wake ukaporomoka. Alipiga simu kwa wakubwa wake, akasema kidogo, akasikiliza sana. Magari hayasimami, walimjibu. Akakaa kwenye kizingiti, mgongo kwao, kama mtu aliyeshushwa njiani.

Huo ndio wakati ambao Mama Chemba aliungoja tangu Jumatano, na hakutaka upite bila kuuonja.

"Na wakubwa wako wamepokeaje?" aliuliza.

"Wakubwa?" Buti Safi hakugeuka. "Wamepandishwa ghorofa ya juu. Wameambiwa huko wataona vizuri zaidi. Hawajui kama kuna kitu."

"Si yametokea ukumbini?"

"Ukumbini yangefikaje, mama? Yametokea chini ya ardhi. Kwenye chumba cha kufulia."

Mama Chemba aliweka kikombe chini. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwafundisha vijana wa kikosi kitu kimoja kabla ya kingine chochote: bomba likiziba, majitaka hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Aliujua usawa wa kila nyumba mtaani. Kuhusu hoteli alijua tangi na bomba, na ndani ya jengo aliwaza zulia tu. Hakuwahi kujiuliza sehemu ya chini kabisa ya hoteli ni ipi.

Alijipa moyo kwamba binti yuko ghorofa ya sita.

Binti alifika saa kumi, na uchochoro ule ule. Harufu ilimtangulia. Sare yake ya buluu ilikuwa imelowa hadi mapajani, na nywele upande mmoja zilikuwa zimegandana. Buti Safi alijisogeza ukutani ili apite, lakini binti hakupita. Alisimama pale mlangoni, akitazama sakafu kavu ya mama yake, akakataa kuikanyaga.

Mama yake alimuuliza imekuwaje. Alieleza bila kupandisha sauti. Tangu Ijumaa walimhamishia kufulia kwa sababu mashuka yalizidi. Mama alikuwa anajua, mama mdogo hakuuliza. Leo walikuwa kumi na mmoja mle ndani, tisa wao wa mtaa huu huu. Maji yalianza kwenye tundu la sakafuni, kidogo, halafu yakapanda kwa fujo. Waliyazuia kwa taulo za wageni, kisha kwa ndoo, kisha kwa mikono. Msimamizi wao alikuja, akaona, akaenda kuuliza juu. Aliporudi alifunga mlango kwa nje, ili harufu isipande kwa wageni, akasema utafunguliwa sakafu ikikauka. Mama wa nyumba ya tisa, mwenye pumu, alizimia, wakamlaza juu ya meza ya kupigia pasi. Ndipo mlango ulifunguliwa.

"Wanasema kuna mtu wa manispaa aliziba bomba letu makusudi," alisema. "Sijui mtu gani huyo, mjinga namna hiyo."

Magari yalipita, yote kwa mpigo, na dada hakuyatazama. Buti Safi alikuwa na fomu mkononi. Angeweza kusema, na pengine angesamehewa kusema. Alitazama chini tu. Hapo Mama Chemba alielewa kwamba sasa hata katika siri hii alikuwa akisitiriwa na yule.

"Ni mimi," alisema. "Nililinda kitanda cha mama yako. Nilitaka yawatokee wao."

Binti alimtazama, kuanzia utosini hadi kwenye viatu, polepole, kama mtu anayepima kitu ambacho hatakinunua.

"Mama mdogo," alisema, "kwani kule chini ulidhani wanakaa nani, kama si sisi?"

Aliomba ndoo ya maji. Mama Chemba aliinuka mbio kuichukua, lakini binti alimpita kwa nje, akazunguka mpaka uani, akaijaza mwenyewe. Walimsikia akijimwagia, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji hayo yote yalishuka kwenye tundu la uani vizuri kabisa, bila kukwama.

Dada alikuwa amegeuzia uso ukutani, yeye aliyekatazwa kugeuka. Mama Chemba alisimama katikati ya chumba, hana la kushika. Mwishowe alitoka. Hakukuwa na mahali pengine pa kukaa ila kizingitini, kando ya Buti Safi, ambaye alisogea kidogo bila kumtazama. Akakaa.